Bunduki ya Kidole cha Pete

Kongoni alikuwa amesimama ubavu, karibu kiasi cha kuwaona kupe wa sikioni mwake, na kidole cha Abdulrasul kilikuwa kimenasa.

"Piga," nilinong'ona.

"Hakitoki."

"Nani kakwambia kitoke? Piga!"

"Gaspar, wallahi, hakitoki wala hakiendi!"

Niligeuza shingo taratibu. Kidole chake cha pete kilikuwa kimezama nusu ndani ya lile duara la chuma linalokizunguka kifyatulio, na hapo kikakwama, jiwe jekundu la pete likiwa limejibana kati ya chuma na nyama. Akivuta, bunduki inakuja. Akisukuma, bunduki inakwenda. Jasho lilimtiririka kutoka kwenye kofia hadi kidevuni, na kongoni alitutazama kwa ule uso wake mrefu, uso wa mtu anayesikiliza hotuba asiyoielewa na wala hana haraka ya kuondoka.

Kisha Abdulrasul akaanza kucheka. Alikuwa mtu wa tumbo, na kicheko chake kilianzia huko chini kikapanda polepole mpaka nyasi zote za mahali pale Bunju zikatikisika. Nami nikashindwa kujizuia. Kongoni akageuka akaenda zake kwa mwendo wa kawaida, bila hata kutupa heshima ya kukimbia.

Tulicheka, lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha hata kidogo. Harusi ya Nurbanu, binti yake wa mwisho, ilikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata, na nyama ya harusi ile ilikuwa ndiyo kwanza inaingia porini kwa miguu yake minne.

Siku hizo Tegeta ilikuwa mikorosho, mawe ya chokaa na vumbi la barabara ya Bagamoyo. Duka la Abdulrasul lilikuwa pembeni mwa barabara hiyo, na ndani yake ulipata chumvi, mafuta ya taa, kanga, misumari, na maneno mengi ya bure. Nilifika pale mara ya kwanza kununua utambi wa taa. Akaniona kucha zangu zilivyo nyeusi kwa mafuta, akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia ninafanya kazi mjini kwa Bwana Nyama, ofisi ya wanyamapori, kwenye stoo ya silaha, natengeneza bunduki za maaskari wa porini. Hakunipa utambi. Aliingia ndani akatoka na bunduki ya kuwindia ya marehemu baba yake, imefungwa kwenye kitambaa cha kijani, akailaza juu ya kaunta kati ya mizani na bakuli la tambuu.

"Itazame kwanza," alisema. "Utambi haukimbii."

Mimi Mhaya, na kwetu mgeni hupewa kahawa za kutafuna kutoka kiganja hadi kiganja. Nilikuwa nazo mfukoni, mke wangu Kokushubila hakuniacha nitoke nyumbani bila hizo. Nikampa. Akatafuna, akakunja uso, akanipa tambuu. Nikatafuna, nikakunja uso mimi. Tangu siku ile tukawa marafiki, na Jumamosi nyingi, kadiri kibali chake cha kuwinda kilivyoruhusu, tuliingia porini pamoja.

Mimi nilipiga, yeye alikimbia. Mgawo huo wa kazi ulikuwa na sababu zake. Katika ujana wake Abdulrasul alifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha soda cha ami yake kule Bagamoyo, na mashine ikamchukulia kidole cha shahada na kile cha kati, mkono wa kulia. Alibaki na dole gumba, kidole cha pete na kile cha mwisho. Kwa mkono huo aliweza kuendesha gari, kupima sukari na kupiga meza akibishana, ila bunduki ile ya baba yake ilimshinda. Kifyatulio kilikuwa kimekaa mbali na kigumu, na kizuizi chake, kile kinachoifunga bunduki isilie kwa bahati mbaya, kilikuwa juu kabisa, kinageuzwa kwa dole gumba. Mtu mwenye vidole vitatu akiinua dole gumba, bunduki inaanguka.

Kwa hiyo nilipiga mimi, Mkatoliki wa Bukoba. Na mnyama aliyepigwa na Mkatoliki, kwa imani ya nyumba ya Abdulrasul, haliwi mpaka Mwislamu amfikie angali hai, amchinje. Ndipo mbio zilipoingia. Risasi ikilia tu, Abdulrasul alikuwa ameshaondoka, kisu mkononi, kofia ikiruka, tumbo likitangulia. Watu wa Boko na Bunju, waliomwita Baba Roshan kwa jina la binti yake mkubwa, walizijua mbio zake kuliko walivyolijua duka lake. Walikuwa wakisimama mashambani kumshangilia.

Halafu goti likaanza. Kwanza alikimbia akichechemea, baadaye akawa anatembea haraka, na mwisho akawa anafika mnyama ameshakata roho. Alisimama juu yake akihema, akakirudisha kisu kwenye ala, akasema maneno yaleyale kila mara:

"Chukua, Gaspar. Ni yako."

Nyumbani kwangu Kawe tulinenepa. Kokushubila alipika nyama na ndizi, majirani wakasifu mikono yake, nami nilikula nikimwona mwenzangu akirudi Tegeta na kisu kisafi. Nyama ilikuwa tamu, siwezi kuidhulumu, lakini ilikuwa ikinikaa kooni.

"Mchukue kijana yeyote wa Kizaramo," nilimwambia siku moja. "Mwislamu, ana miguu. Akimbie yeye."

Tulikuwa tumekaa ubavuni mwa gari lake, tunakunywa chai ya chupa.

"Roshan alipoolewa," alisema, "unajua nyama ilitoka wapi? Bucha. Mjini."

"Sasa bucha ina ubaya gani?"

"Haina ubaya. Nyama safi, halali, laini." Akamwaga chai iliyobaki. "Lakini kwetu, tangu babu aliposhuka Bagamoyo, baba wa bi harusi huwawekea wakwe sinia ya nyama aliyoileta kwa mkono wake. Baba aliwafanyia dada zangu wote. Mie nikakaa pale kwa Roshan, nikanawa mikono, nikaangalia watu wanakula. Sikugusa hata tonge. Mke wangu Maryambai peke yake aliniona."

Sasa alikuwa amebaki Nurbanu. Alikuwa ameposwa na Akbar, mtoto wa Mohamedjaffer, muuza vitambaa, na siku ya harusi isingesogea hata ungeisukuma kwa trekta, maana Muharamu ilikuwa inabisha hodi. Mwezi ukishaandama wao, Mashia, huingia kwenye maombolezo, na kwa zaidi ya miezi miwili hakuna anayeoa wala anayeolewa.

"Nataka nipige mie mwenyewe," alisema Abdulrasul. "Nikitaja jina la Mungu nikapiga, hata nikimkuta amekufa, ni halali. Sihitaji mbio. Nahitaji mkono tu." Akauinua ule mkono wa vidole vitatu, akaugeuza huku na huku. "Huu."

"Tumia wa kushoto. Wa kushoto una vidole vyote."

Akanitazama kana kwamba nimetia chumvi kwenye chai yake.

"Nitaje jina la Mungu, halafu nitoe roho kwa mkono wa kushoto? Mkono ninaonawia? Wewe Gaspar, padri wenu anakubarikini kwa mkono upi?"

Nikachukua bunduki, nikaiweka magotini, nikaanza kuitazama upya. Nilifurahi sana kwa ajili yake, na pembeni ya furaha ile kulikuwa na kiwivu kidogo. Nilikuwa najiuliza, huyu akishajua kupiga, Jumamosi mimi nitakuwa nani?

Kifyatulio kipya na kizuizi kipya nilivitoa kwenye bunduki mbovu ya aina ileile, niliyoipata kwenye mnada wa vyuma vya serikali. Kazi tuliifanyia barazani kwake, nyuma ya duka, na hapohapo barazani ndipo wanawake walipokuwa wakishona nguo za harusi. Upande mmoja jiriwa na tupa, upande wa pili hariri na shanga. Maryambai alichora mstari wa chaki sakafuni akaniambia unga wa chuma ukivuka hapo, na mimi nivuke barabara niende kwetu.

"Baba mdogo, shikamoo," Nurbanu alinisalimia siku hiyo, ameshika ncha ya shela yake puani. "Gauni langu linanuka mafuta ya bunduki."

"Marahaba. Ndiyo vizuri. Akbar ajue mapema amechukua mke nyumba gani."

Wanawake wakacheka mpaka sindano zikapotea.

Nilikikunja kifyatulio kirudi nyuma, karibu na kiganja, nikakipanua uso ili kidole cha pete, ambacho hakikuzoea kazi nzito, kipate mahali pa kutulia. Sikukifanya chepesi mno, maana bunduki nyepesi kwenye mkono mgeni ni balaa. Kizuizi nilikihamishia ubavuni, kisukumwe mbele kwa ubavu wa dole gumba, mkono usiachie kitu. Kila nilipopima, Abdulrasul alivua pete yake ya akiki, akaifuta, akaitia mfuko wa kizibao, isije ikachafuka kwa mafuta yangu. Hapo ndipo kosa lilipoingia, na hatukuliona, kwa sababu liliingia likiwa limevaa adabu.

Tulijaribu kwenye debe bovu, nyuma kabisa kwenye mikorosho. Risasi ya kwanza iliua korosho changa. Ya pili ikaliangusha debe chini. Abdulrasul alikwenda akalichukua debe lile, akaingia nalo barazani, akavuka mstari wa chaki na vumbi lake lote, akamwonyesha mkewe tundu. Maryambai akachungulia kwenye tundu, akamwona mumewe upande wa pili, akasema, "Haya. Sasa kalete lenye pembe."

Jumamosi asubuhi, kabla hatujatoka, alitawadha, akasali rakaa mbili za kumwomba Mungu, akavaa pete. Wao huona fadhila kuivaa akiki mkono wa kulia, na kwake siku ile haikuwa siku ya kutoka mkono mtupu. Nilimwona akiivaa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na bunduki begani, nikaona jiwe jekundu likipita kwenye kifundo cha kidole, nikaona ni pete nzuri.

Basi ndiyo tukawa pale Bunju, tunacheka, kongoni ameondoka, na rafiki yangu amefungwa kwenye silaha yake mwenyewe.

Nilitoa risasi zote, nikachukua bisibisi nikalifungua lile duara kutoka kwenye bunduki. Bunduki ikatoka, duara likabaki kidoleni. Tulijaribu mate, tukajaribu mafuta ya bunduki, tukajaribu dua. Kidole kilikuwa kinavimba. Ilibidi turudi, na aliyejua kuendesha gari alikuwa yeye.

Alilipita duka lake mwenyewe bila kupunguza mwendo. Pale nje kulikuwa na gari la Mohamedjaffer, wakwe wamekuja kupanga mambo ya viti na mahema, na Abdulrasul aliapa kwamba hatashuka mbele ya wakwe na chuma kidoleni. Njia nzima watu walimpungia, naye kwa mazoea aliwapungia, lile duara likimeremeta juani. Wenye baiskeli walisimama. Tulikwenda hivyo mpaka Kawe, kwangu, mlangoni kwa Kokushubila.

Mke wangu alikuwa kwenye cherehani. Aliuangalia ule mkono, akauangalia uso wa mwenyewe, akanitazama mimi.

"Shemeji," alisema, "umeoa bunduki?"

Alileta mafuta ya nazi, akamkalisha kwenye kigoda, akaanza kukizungusha kidole taratibu, akikisemesha kwa Kihaya. Mimi nilisimama pembeni na bisibisi isiyo na kazi. Duara likatoka, likaanguka sakafuni, na Abdulrasul akakibusu kidole chake. Halafu kicheko kikamwisha. Alikaa akiipangusa pete kwa ncha ya shati.

"Basi," alisema. "Tumejaribu. Hapa Kawe kuna kiwanda kizima cha nyama, na bucha zipo. Wakwe watakula."

"Na wewe?" aliuliza Kokushubila.

Nilikuwa nimemwambia mke wangu habari za Roshan na ile sinia, kwa hiyo alijua anachouliza.

"Si uivue tu pete," nilisema. "Saa moja. Uitie mfukoni, upige, uivae."

"Pete hii baba alinivisha mwenyewe, baada ya ile mashine. Nilikuwa naficha mkono. Nilikuwaga nautia mfukoni hata msikitini. Akaja, akautoa, akavisha pete kwenye kidole kilichobaki, akasema sasa kila mtu autazame." Akalifuta tena lile jiwe. "Siku hii ndiyo niuache mtupu, Gaspar?"

Nilisikia haya. Kokushubila alirudi kwenye cherehani yake, akakata uzi kwa meno.

"Wewe fundi gani?" aliniambia. "Mie mtu akija kushonesha gauni la harusi, nampima amevaa viatu vya harusi. Wewe umekipima kidole kina nguo za shamba."

Abdulrasul akanitazama. Nami nikamtazama. Tulikuwa watu wazima wawili, na jambo hilo halikutujia hata mara moja.

Kabla hajaondoka alifanya kitu ambacho sikukitarajia. Aliivua pete, akaishika kidogo kiganjani, akanipa.

"Hii siivui kwa sababu ya bunduki," alisema. "Naiweka kwako. Ujue unamtengenezea nani."

Wiki ile niliishi na akiki ya Abdulrasul. Nikirudi kutoka mjini nilikaa barazani, nikaivaa, nikakunja vidole viwili ndani ya kiganja na kuvifunga kwa kitambaa, nikabaki na mkono kama wake. Majirani waliokuwa wakipita walinisalimia kwa sauti ya upole, ile wanayosalimiwa nayo wagonjwa. Lakini ndivyo nilivyojua. Nilijua jinsi bunduki inavyolemea upande mmoja, jinsi kidole cha pete kinavyochoka haraka, jinsi jiwe linavyogusa kabla nyama haijagusa. Miaka yote nilikuwa nimeuona mkono ule. Sasa ndiyo kwanza niliuvaa.

Nililitupa lile duara, nikatengeneza jingine pana kutoka kwenye kipande cha chuma cha kitanda. Kifyatulio nilikichonga kiingie nyuma ya jiwe, pete ipite bila kugusa. Kizuizi kilikuwa kinalia kikisukumwa, ka!, na kongoni ana masikio. Nikakata kipande cha ngozi kwenye kandambili kuukuu ya Kokushubila, nikakitandika ndani, kikanyamaza.

"Hivyo vilikuwa viatu vyangu vya kwendea kisimani," alisema.

"Sasa vinakwenda harusini."

"Na hiyo pete, utaivaa hadi kanisani? Padri akikuuliza?"

"Nitamwambia nimeazima mkono."

Jumamosi ya mwisho nilimrudishia pete, akaivaa, tukatoka mapema. Kule barazani kwa Abdulrasul masufuria makubwa yalikuwa yameshapinduliwa juani, kuni zimepangwa, na Maryambai alikuwa amesimama kati yake, mikono kiunoni, hajawasha kitu. Alimrekebisha mumewe kofia tu, akatuacha tuende. Nilijua kwamba kama tungerudi mikono mitupu, jioni ile angetumwa mtu mjini buchani, na mwenzangu angekaa tena mbele ya sinia akiangalia watu wanakula.

Tulizunguka sana. Tuliona paa wadogo, tukawaacha. Tuliona mavi ya kongoni, yakavu, halafu mabichi. Abdulrasul alikuwa ametangulia kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, mimi nyuma yake, na sikujua nifanye nini na mikono yangu. Kisha akainama. Nikainama.

Walikuwa kundi dogo, wamesimama kwenye uwazi, na dume lao limejitenga likitutazama. Siwezi kuapa kwamba ni yuleyule wa wiki iliyopita, ila uso ulikuwa ule wa kusikiliza hotuba.

Abdulrasul aliweka kitako cha bunduki begani. Niliona kidole cha pete kikiingia, akiki na vyote, kikapita, kikatulia. Dole gumba likasukuma kizuizi mbele bila sauti. Nikaona midomo yake ikitembea. Siku zile za debe alikuwa akilitamka lile neno kwa sauti ya msikitini, mpaka Maryambai akamwuliza kama Mungu amekuwa kiziwi. Safari hii alilisema chini kabisa, nami nililisikia kwa sababu nilikuwa nimezuia pumzi.

"Bismillahi, Allahu Akbar."

Bunduki ikalia. Kundi likaruka, likatawanyika, na dume likaenda hatua chache likaanguka kwenye nyasi.

Alirudisha kizuizi, kama nilivyomfundisha, akanitupia bunduki, akachomoa kisu, akakimbia. Alikimbia kwa goti lile bovu, kofia ikaruka, tumbo likatangulia, nami nikamfuata nyuma na bunduki nikipiga kelele, "Baba Roshan! Taratibu! Wewe umepiga! Taratibu, mzee wangu!" Hakusikia. Miguu yake ilikuwa imezoea mlio ule kwa miaka mingi, na haikungoja kuambiwa nani amepiga. Wanawake waliokuwa wakilima mbali kidogo waliinuka, wakaacha majembe, wakaanza kumshangilia.

Nilipomfikia alikuwa amesimama juu ya mnyama, anahema, mkono mmoja kwenye goti. Kongoni alikuwa ameshakata roho. Abdulrasul alimwangalia muda mrefu. Mabega yakamshuka, akakirudisha kisu kwenye ala, kisafi, na akasema kwa ile sauti niliyoizoea:

"Nimechelewa. Chukua, Gaspar. Ni..."

Aliuangalia mkono wake. Aliniangalia mimi, bunduki, kongoni, tena mkono.

"Ni yangu," alisema.

"Ni yako."

"Gaspar. Ni yangu!"

Akakaa chini palepale kwenye nyasi, mtu mzima na mvi zake, akalia na kucheka kwa pamoja, na wale wanawake wakapiga vigelegele bila kujua habari yenyewe ni ipi. Mimi pia nililia. Nilikuwa na furaha ambayo sikujua niishike wapi, nikaikumbatia bunduki.

Jumapili nilisali misa ya kwanza, kisha mimi na Kokushubila tukapanda gari la watu wa chokaa hadi Tegeta. Harufu ya nyama ilitupokea kabla ya wenyeji. Tuliketishwa kwenye mikeka, wanaume na wanawake kila mtu upande wake, na niliona kwa mbali Nurbanu amekaa kitako, mzuri, mwekundu kwa aibu na hina. Hakunuka mafuta ya bunduki, nilihakikishiwa.

Kisha Abdulrasul akatoka jikoni. Alikuwa amevaa koti jeupe lililofungwa vifungo hadi shingoni, na alikuwa amebeba sinia. Hakumruhusu mtu kumsaidia. Aliishika kwa mikono yote miwili, ule wa kulia ukiwa mbele, pete ikionekana, akainama akaiweka mbele ya Mohamedjaffer na jamaa zake.

"Bismillah, karibuni," alisema. "Ya mkono wangu."

Mohamedjaffer aliinuka akaubusu mkono ule. Wazee wa kwao walielewa, maana walikuwa wameulizana mengi kuhusu mkono ule. Mimi sikuwatazama wao. Nilimtazama Maryambai, aliyekuwa amesimama mlangoni upande wa wanawake, na yeye hakumwangalia mkwe wala sinia. Alikuwa anauangalia mdomo wa mumewe.

Abdulrasul alikuja akaketi karibu nami. Alinawa. Akakata kipande, akala. Akakata kingine. Alikula mpaka mchuzi ukateremka kwenye mkono wa koti jeupe, na pale mlangoni Maryambai alijifuta macho kwa ncha ya shela, akageuka akaanza kuwafokea wapishi kuhusu wali.

"Tamu?" nilimwuliza.

"Ngumu kidogo," alisema, mdomo umejaa. "Dume zee. Lakini tamu."

Nikamega na mimi. Ndipo nikasema lile lililokuwa likinisumbua, nikilifanya mzaha.

"Sasa ukishajua kupiga, mie umeniachisha kazi. Jumamosi nitabaki Kawe nikifuga kuku."

Aliacha kutafuna. Alionekana kushangaa kweli.

"Hivi wewe unadhani katika mchezo ule mie nilikuwa nafuata nyama? Na goti hili, nikipiga, nani atakimbia?"

"Mie siwezi kuchinja, Baba Roshan. Unajua."

"Nani kasema uchinje? Kimbia, umfikie. Ukimkuta mzima, mshike pembe, umwambie Abdulrasul anakuja. Anakuja polepole." Akanisogezea kipande kinono upande wangu wa sinia. "Muharamu ikiisha na mwezi wa Safar ukapita, nakupitia."

Miezi yao ya maombolezo ikapita. Jumamosi ya kwanza baada ya hapo nilisikia honi mlangoni kwangu, na Kokushubila akanitilia kahawa za kutafuna mfukoni. Kule Bunju Abdulrasul alilisema neno lake chini kwa chini, bunduki ikalia, na wanawake wakaacha majembe yao wakasimama.

Nikakimbia.